Kamera ya Kioo au Kamera ya Mfukoni: Shule Inunue Ipi?

Mwalimu mmoja wa fizikia, afundishaye katika sekondari ya upande wa Mamboya wilayani Kilosa, aliniletea swali ambalo nililijibu kwa haraka, na jibu hilo limenisumbua tangu siku ile. Klabu ya sayansi ya shule yake ilikuwa imeweka akiba kutokana na mauzo ya mahindi na maharage ya shamba la shule. Katika duka moja la vitu vilivyotumika mjini Morogoro, mwalimu alikuwa ameziona kamera mbili za dijitali ambazo bei zake zilikaribiana. Ya kwanza ilikuwa kubwa na ya zamani kidogo, ile yenye kioo ndani na lenzi inayofunguliwa, aina ya Nikon D40 iliyotolewa mwaka 2006. Ya pili ilikuwa kamera ya mfukoni, mpya kuliko ile na yenye pikseli nyingi zaidi. "Ndugu Daktari," aliniuliza, "tuchukue ipi?"

Nikamjibu: chukueni ndogo. Leo napenda kulifuta jibu hilo hadharani, maana najua kwamba swali lake ni swali la shule nyingi, na fedha za klabu ya shule hazipatikani mara mbili.

Sababu zilizonipeleka kwenye jibu la kwanza hazikuwa za kipuuzi. Atokaye Mamboya kupanda milima ya Ukaguru hutembea kwa miguu, na mwanafunzi aliyebeba daftari, maji na chakula chake hahitaji mzigo mwingine shingoni. Hili ni jambo la zamani. Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwenzake Speke, alipiga picha kisiwani Unguja kwa vyombo vizito vya siku zile. Lakini katika safari ya kwenda bara kazi hiyo ilionekana kumchosha mno katika joto, naye akaiacha, akachora kwa mkono na kutia rangi za maji. Kamera bora kuliko zote haina faida kama haikufika mahali penye kitu cha kupigwa picha.

Tena kamera ndogo ina sifa nyingine ambayo wauzaji hawaitaji kwa sababu hawaijui. Lenzi yake, inapoonyesha eneo pana, huwa na umbali wa fokasi wa milimita 5 hivi. Namba ya tundu ikiwa 2.8, kipenyo cha tundu lenyewe hakifiki milimita 2. Tundu dogo namna hii hufanya vitu vya karibu na vya mbali vionekane wazi kwa pamoja. Kwa hiyo anayetaka picha ya kinyonga au panzi kwa umbali wa kiganja atafanikiwa upesi zaidi kwa kamera ya mfukoni kuliko kwa ile kubwa, ambayo itampa jicho lililo wazi na mkia uliofifia.

Hata sifa ya "kuvuta karibu" haiko upande wa kamera kubwa kama wengi wadhaniavyo. Tufanye hesabu, kwani ni hesabu ya kidato cha tatu. Tuseme wanafunzi wamekwenda Mikumi, na nyati mwenye kimo cha mita 1.5 amesimama mita 100 kutoka kwenye basi. Kimo cha taswira kwenye kamera ni kimo cha nyati kikizidishwa kwa umbali wa fokasi, kisha kikigawanywa kwa umbali wa nyati. Kamera kubwa yenye lenzi ya kawaida iliyouzwa nayo, ambayo mwisho wake ni milimita 55, itatoa taswira ya milimita 0.8. Kipande cha silikoni kinachopokea taswira mahali pa filamu, ambacho hapa nitakiita kitambuzi, kina kimo cha milimita 15.6 katika kamera hiyo. Basi nyati atachukua sehemu moja ya kumi na tisa ya kimo cha picha. Kamera ya mfukoni ambayo lenzi yake hufika milimita 25 itatoa taswira ndogo zaidi, ya milimita 0.4 hivi, lakini kitambuzi chake kina kimo cha milimita 4.6 tu, na nyati atachukua sehemu moja ya kumi na mbili. Ndogo imeishinda kubwa! Ili kubwa ishinde, sharti inunuliwe lenzi nyingine. Ile ya milimita 200 ingempa nyati sehemu moja ya tano. Duka halikuwa nayo, na klabu haikuwa na fedha zake.

Basi kwa nini nimebadili mawazo? Kwa sababu niliulizwa swali la shule, nami nikajibu kama niliyeulizwa na msafiri.

Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wamejifunza habari za kamera ya lenzi kwa kuchora. Huchora sanduku, lenzi, miale miwili na taswira iliyopinduka, wakapata alama zao katika mtihani, wakaondoka bila ya kuiona taswira hiyo hata mara moja. Shule yenye kamera ya kioo inaweza kuukomesha upungufu huu kwa kipindi kimoja. Fungua lenzi. Isimamishe mkabala na dirisha, weka karatasi nyeupe nyuma yake, uisogeze: mti wa nje utaonekana kichwa chini, kwa rangi zake, majani yakitikisika. Kisha angalia ndani ya mwili wa kamera, uone kioo kilicholazwa kwa nyuzi 45, kinachopeleka mwanga juu kwenye jicho la mpigapicha na kuinuka pale tu shata inapofunguka. Hakuna kilichofichwa. Kamera ya mfukoni haifunguki, na anayeilazimisha atakuwa ameiharibu.

Baada ya kuona huja kupima, na hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa. Katika kamera ya kioo mwanafunzi mwenyewe huchagua muda wa shata kuwa wazi na ukubwa wa tundu la lenzi. Katika kamera nyingi za mfukoni chombo humchagulia. (Zipo za mfukoni zinazomwachia mtu uchaguzi, kama zile za Canon PowerShot za mfululizo wa G, lakini ile ya dukani Morogoro haikuwa mojawapo.) Chukua mpira mweupe, uudondoshe mbele ya kitambaa cheusi kutoka kimo cha mita 1.25 juu ya alama iliyowekwa ukutani pamoja na rula. Weka shata kwenye sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Mpira unapoifikia alama, mwendo wake unakaribia mita 5 kwa sekunde, kwa hiyo pichani utaacha mchirizi unaozidi kipenyo chake kwa sentimita 10 hivi. Mwanafunzi apimaye mchirizi huo kwa rula ya pichani ameupima mvuto wa dunia kwa chombo kilichonunuliwa kwa maharage. Akijaribu kwa kamera inayojichagulia muda, atapata mchirizi mrefu au mfupi bila ya kujua sababu, na kipimo kisichojulikana sababu yake hakimfundishi mtu kitu.

Lenzi ya kamera kubwa ina pia alama za milimita kwenye pete yake: 18, 24, 35, 55. Jambo hili laonekana dogo, lakini fikiria kazi ambayo klabu ya Mamboya ingeweza kuifanya. Januari 2014 mafuriko yalizikumba Magole na Dumila, na barabara ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika. Maji yale yalitoka milimani. Wanafunzi wanaosimama kila mwaka mahali pale pale, mwezi ule ule, pete ya lenzi ikiwa kwenye 35, wakapiga picha ya mteremko ule ule na kingo zile zile za mto, watakuwa na picha zinazoweza kulinganishwa kwa kipimo: shamba limepanda kiasi gani, msitu umerudi nyuma kiasi gani, ukingo umeliwa kiasi gani. Kamera ya mfukoni huvuta kwa kitufe kisicho na alama, na ikizimwa husahau ilipokuwa. Ni kweli kwamba umbali wa fokasi huandikwa ndani ya faili la picha na kompyuta yaweza kuuonyesha. Lakini huo ni ushahidi baada ya tendo, nasi twataka mwanafunzi aamue kabla.

Asidhani mtu kwamba picha si sayansi kamili. Mwaka 2005 kima wa kipunji, anayeishi katika misitu ya Rungwe na Livingstone na katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa, alitangazwa katika jarida la Science kuwa spishi mpya kwa ushahidi wa picha, pasipo kuuawa mnyama yeyote. Alipopatikana baadaye mmoja aliyekufa mtegoni katika shamba la mahindi, uchunguzi wa mwili wake ulisababisha apewe jenasi yake mwenyewe mwaka 2006. Katika msitu huo huo wa Ndundulu kamera za mtego zilimnasa panya-sengi mkubwa mwenye uso wa kijivu, ambaye alitangazwa kuwa spishi mwaka 2008. Na Ukaguru ni ndugu wa Udzungwa katika safu moja ya Milima ya Tao la Mashariki.

Kuhusu pikseli nitasema machache. Kitambuzi cha D40 kina eneo la milimita za mraba 370. Kile cha kamera ndogo hakifiki 30. Kuligawa eneo dogo katika vipande vingi ni kama kugawa debe moja la mahindi kwa kaya nyingi: idadi ya wanaopokea huongezeka, mahindi hayaongezeki. Ndani ya msitu, au saa kumi na mbili jioni, pikseli milioni 6 zilizoshiba mwanga ni bora kuliko milioni 16 zenye njaa.

Yamkini msomaji amekwisha kuuliza: kwa nini tusitumie simu? Simu ni ya mwalimu, na mwalimu akihamishwa huondoka nayo pamoja na picha zote. Wanafunzi nao hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Kamera haipigi wala kupigiwa. Mwanafunzi anaweza kukabidhiwa bila ya mwalimu wa zamu kukosa usingizi.

Nina kisa changu pia. Niliporudi kutoka masomoni ng'ambo nilikuja na kamera ya mfukoni ambayo niliipenda sana. Siku moja ya kiangazi, katika barabara ya vumbi kati ya Dumila na Kilosa, lenzi ilitoka nje ikagoma kurudi. Mafundi watatu waliniambia neno moja, kwamba kuifungua ni ghali kuliko kununua nyingine. Vumbi huingia katika kamera ya kioo vilevile, tena kwa urahisi kila unapobadili lenzi, lakini lenzi iliyoharibika hutolewa na mwili ukabaki.

Anayekwenda kununua kamera kuukuu lazima awe na macho. Amulike tochi ndani ya lenzi upande mmoja na kuangalia upande wa pili. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, asiinunue. Ajaribu betri kwa nusu saa nzima, si kwa picha mbili, kwani betri ya miaka mingi huonyesha imejaa kisha ikazima ghafla. Ikiwa nzima, itadumu kuliko ile ya kamera ndogo, maana kuangalia kwa kioo hakuli umeme, wakati skrini hula muda wote. Ahakikishe chaja ipo. Na kwa kuwa D40 haina mota ya fokasi mwilini mwake, ajue kwamba lenzi nyingi za zamani zisizo na mota yao wenyewe zitafokasiwa kwa mkono, jambo ambalo kwa mwanafunzi si hasara.

Yako mashaka mamoja ambayo sikuweza kuyashinda kwa hesabu, na mwalimu yule ndiye aliyenieleza nilipompelekea jibu langu la pili. Kamera kubwa huonekana mali. Mali ya shule hufungiwa kabatini, ufunguo hukaa kwa mkuu wa shule, na mkuu wa shule huwa safarini Kilosa. Ile ndogo, kwa kuwa haimtishi mtu, ingezunguka darasani na kwenda mlimani. Nimewahi kuona darubini ambazo hazijatolewa katika maboksi yake tangu zilipoletwa. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba amekosea. Nilimwandikia kwamba wanunue ya kioo, lakini kabla ya kulipa wakubaliane kwa maandishi na uongozi wa shule kwamba ufunguo wa kabati utakaa kwa katibu wa klabu, ambaye ni mwanafunzi, na kwamba daftari la kuazima litatiwa sahihi kila Ijumaa. Kama uongozi utakataa, wanunue ya mfukoni.