Mfumko ulishuka, mbona kikapu cha Gakindu kikabaki chepesi?

OKTOBA 2024, Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilitangaza kwamba mfumko wa bei nchini Kenya ulikuwa umeshuka hadi asilimia 2.7, kiwango cha chini zaidi kushuhudiwa kwa zaidi ya miaka 15. Miaka miwili awali, Oktoba 2022, kiwango hicho kilikuwa asilimia 9.6.

Kwa wakuu wa Wizara ya Fedha na Benki Kuu, hiyo ilikuwa habari njema. Shilingi ilikuwa imepata nguvu, bei ya mafuta ilikuwa imeteremka, na serikali ikapata takwimu za kuwaonyesha wakosoaji wake.

Lakini katika kituo cha biashara cha Gakindu, eneo la Mukurweini, Kaunti ya Nyeri, ni vigumu kumshawishi mama anayenunua robo kilo ya sukari kwamba maisha yamekuwa nafuu. Malalamiko yake ndiyo malalamiko ya Karatina, Othaya, Nanyuki na miji yote iliyo chini ya Mlima Kenya: pesa zinaingia kidogo kidogo na kwa kuchelewa, ilhali dukani zinahitajika kila siku.

Je, kati ya serikali na mama huyo, ni nani anayesema ukweli? Wote wawili. Tofauti ni kwamba kila mmoja anapima kitu chake.

Mfumko ukishuka haina maana kwamba bei zimeshuka. Maana yake ni kwamba zinaendelea kupanda, ila kwa mwendo wa polepole. Mtu aliyekuwa akikwea mlima mbio, kisha akaanza kutembea, bado anaelekea juu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwa wastani, bei zilipanda kwa takriban asilimia 7.7 mwaka wa 2022, zikapanda tena kwa kiasi kama hicho mwaka wa 2023, na kwa asilimia 4.5 mwaka wa 2024. Kikapu kilichojazwa kwa Sh1,000 mwaka wa 2021 kilihitaji zaidi ya Sh1,200 kufikia 2024. Hizo Sh200 za ziada hazikurudi mfukoni mwa mnunuzi siku mfumko uliposhuka. Zilibaki dukani.

Isitoshe, takwimu za kitaifa ni wastani, na wastani una tabia ya kuficha mengi. Katika kikapu ambacho KNBS hutumia kukokotoa mfumko, chakula na vinywaji visivyo vya pombe huchukua takriban thuluthi moja ya uzito. Familia maskini hutumia sehemu kubwa zaidi ya mapato yake kwa chakula. Ndiyo maana mnamo Oktoba 2022, wakati mfumko wa jumla ulikuwa asilimia 9.6, ule wa chakula pekee ulikuwa asilimia 15.8. Mlalahoi aliishi katika takwimu hiyo ya pili, wala si ya kwanza.

Wengi walio mbali hudhani kwamba mkazi wa Mukurweini, kwa kuwa ni mkulima, ana kinga dhidi ya bei za vyakula. Dhana hiyo imepitwa na wakati. Mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena kutoka babu hadi mjukuu, na sehemu kubwa ya ardhi iliyosalia imepandwa kahawa au nyasi ya ng'ombe wa maziwa. Mahindi mengi hutoka Bonde la Ufa, Uganda na Tanzania, nao mchele hutoka Mwea au ng'ambo. Mkulima huyo ni muuzaji wa bidhaa moja au mbili, na mnunuzi wa karibu kila kitu kingine.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo ambalo wanasiasa hawalizungumzii. Mkulima wa Gakindu huuza kwa jumla na kulipwa baadaye, lakini hununua kwa rejareja na kulipa papo hapo. Kahawa anayoichuma mwishoni mwa mwaka hupimwa kiwandani, ikakobolewa, ikapelekwa mnadani Nairobi, na malipo yake yakaja miezi kadhaa baadaye. Maziwa anayopeleka kila asubuhi hulipwa mwisho wa mwezi. Majirani zake wa Othaya walio na majani chai hupata kiasi kidogo kila mwezi, kisha wakangoja bonasi ya mwaka.

Katika kipindi hicho cha kungoja, watoto hula, karo hudaiwa na mgonjwa hupelekwa hospitali. Familia hukopa dukani na jina likaandikwa kwenye daftari. Mwenye duka naye si mjinga. Anayeuza kwa mkopo huweka bei inayofidia hatari ya kutolipwa, na mteja mwenye deni hana ujasiri wa kubishana wala wa kuhamia duka jingine.

Asiyekopa hununua kwa vipimo vidogo: robo ya sukari, mafuta ya kupikia ya kupima, sabuni ya kipande. Kipimo kidogo huonekana nafuu, lakini mtu akijumlisha robo nne hupata kwamba amelipa zaidi ya aliyenunua kilo nzima kwa mara moja. Kwa hivyo watu wawili hununua bidhaa ileile, katika duka lilelile, siku ileile, na aliye maskini zaidi ndiye anayeinunua ghali zaidi. Hakuna takwimu ya mfumko inayolionyesha jambo hili.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika Gakindu methali hiyo ina maana yake ya moja kwa moja.

Suala la mafuta ya petroli lilizidisha mzigo huo. Mnamo Septemba 14, 2022, siku moja baada ya Rais William Ruto kuapishwa, ruzuku ya petroli iliondolewa na bei ya lita moja jijini Nairobi ikaruka kutoka Sh159.12 hadi Sh179.30. Julai 2023, Sheria ya Fedha ilipandisha ushuru wa thamani ya ziada kwa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Septemba mwaka huo, petroli ilikuwa Sh211.64 jijini humo, na mafuta ya taa Sh202.61.

Katika eneo la milima na mabonde, mafuta yamo ndani ya kila kitu. Yamo katika nauli ya matatu, katika lori linaloleta unga, katika gari linalokusanya maziwa na katika pikipiki inayobeba mgonjwa. Bei ya mafuta iliposhuka mwaka uliofuata, haikuwa na nguvu ya kuteremsha nauli kwa kasi ileile iliyozipandisha. Mwenye gari husema vipuri na bima ni ghali, na abiria hana wa kumlalamikia.

Serikali mbalimbali zimejaribu tiba. Iliyopendwa zaidi ni kupunguza bei ya unga. Mwishoni mwa 2008, serikali ya muungano ilileta unga wa bei nafuu wakati pakiti ya kilo mbili ilipokuwa imewashinda wengi. Mei 2017, pakiti hiyo ilishushwa hadi Sh90. Julai 2022, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ingeuzwa Sh100, baada ya kupita Sh200.

Mpiga kura makini hatakosa kutambua kwamba mipango hiyo miwili ya mwisho ilikuja miezi au majuma machache kabla ya uchaguzi wa Agosti. Ruzuku ya aina hiyo hulipwa kwa ushuru, huishi kwa muda mfupi na hunufaisha kwanza wasagaji wakubwa na wanunuzi wa mijini. Mwaka wa 2022 kulisikika malalamiko kutoka pembe nyingi za nchi kwamba unga wa Sh100 ulitajwa redioni kuliko ulivyoonekana madukani.

Tiba ya pili ilitoka katika eneo hilohilo la Nyeri. Aliyekuwa Mbunge wa Mathira, Ephraim Maina, aliwasilisha bungeni mswada wa kudhibiti bei za bidhaa muhimu. Rais Mwai Kibaki, mwanauchumi na mbunge wa muda mrefu wa Othaya, aliukataa mara ya kwanza. Alikuja kuutia saini mwaka wa 2011, mwaka ambao mfumko ulikaribia asilimia 20 na wananchi wakaandamana jijini Nairobi wakidai unga.

Sheria hiyo humpa Waziri wa Fedha uwezo wa kuweka bei ya juu zaidi kwa bidhaa kama mahindi, unga, sukari, mchele, mafuta ya kupikia na mafuta ya taa. Hata hivyo, serikali zilizofuata hazikuifanya kuwa nguzo ya sera zao. Ziliegemea zaidi ruzuku. Hofu iliyokuwepo ni ya kweli: bei ikiwekwa chini ya gharama, bidhaa hutoweka rafuni na kuibukia vichochoroni.

Tiba ya tatu ni ile ya utawala wa Rais Ruto, aliyesema kuwa heri kumsaidia mkulima kuzalisha kuliko kumpunguzia mlaji bei. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ulishushwa hadi Sh3,500 na baadaye Sh2,500. Wazo hilo lina mantiki, na huenda lilisaidia kushusha bei ya mahindi baada ya mvua kurejea. Lakini mwaka wa 2024 kashfa ya mbolea ghushi iliwafanya wakulima wengi kupoteza imani. Tena, mbolea ya bei nafuu haimfaidi sana mkulima ambaye malipo ya kahawa yake yamekwama.

Huku hayo yakiendelea, mwenye mshahara, ambaye kwa kawaida ndiye mteja wa soko la kijijini, aliona malipo yake yakipungua. Mwalimu na karani walianza kukatwa asilimia 1.5 ya ada ya nyumba, kisha asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii kuanzia Oktoba 2024, pamoja na makato yaliyoongezwa ya hazina ya uzeeni. Mwalimu akipunguza matumizi, anayehisi wa kwanza ni muuza mboga, fundi wa viatu na mwenye kinyozi.

Kisiasa, matokeo yake yalionekana waziwazi. Eneo la Mlima Kenya lilimpa Rais Ruto kura nyingi mwaka wa 2022, na mwaka wa 2023, upinzani ulipoitisha maandamano ya kulalamikia gharama ya maisha, eneo hilo kwa kiasi kikubwa lilikaa kando. Lakini Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopendekeza ushuru kwa mkate na magari, vijana wa Nyeri walikuwa barabarani pamoja na wenzao wa Nairobi, Mombasa na Eldoret. Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni, Rais alikataa kuutia saini mswada huo.

Funzo ni kwamba uaminifu wa kisiasa unaweza kumfanya mtu avumilie bei kwa muda, lakini hauwezi kumlipia deni dukani.

Kuna dalili chache za matumaini. Mfumo wa kulipa wakulima wa kahawa moja kwa moja kupitia Benki ya Ushirika, ulioanza 2023, ulilenga kupunguza mikono mingi inayopitisha pesa hizo. Hazina ya malipo ya awali ya kahawa, iliyotengewa Sh3 bilioni wakati wa utawala wa Kenyatta, ilijengwa juu ya wazo kwamba mkulima asilazimike kungoja mnada ndipo anunue unga. Februari 2025, bei ya kahawa katika soko la New York ilipita dola nne kwa ratili, na wakulima wengi wa Nyeri wakapata sababu ya kurudia mikahawa waliyokuwa wameitelekeza.

Hata hivyo, bei ya dunia huja na kuondoka. Wazee wa Mukurweini wanakumbuka jinsi mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulivyoporomoka mwaka wa 1989, na uzalishaji nchini, uliokuwa karibu tani 130,000 mwishoni mwa miaka ya themanini, ukashuka hadi chini ya nusu. Msimu mmoja mzuri si sera.

Kinachohitajika ni kubadilisha swali. Badala ya kuuliza tu unga ni pesa ngapi, wizara, kaunti na vyama vya ushirika vinafaa kujiuliza pia mkulima hulipwa siku ya ngapi. Kila juma linalopunguzwa kati ya kuchuma na kulipwa ni juma moja asilokopa dukani kwa bei ya juu. Vyama vya akiba na mikopo vinavyotoa mkopo mdogo wa riba nafuu kwa kutegemea risiti ya maziwa au kahawa vinaweza kushusha gharama ya maisha kijijini bila shilingi moja ya ruzuku.

Vilevile, serikali inapotangaza kiwango cha mfumko, ingefaa iwaeleze wananchi kwa lugha nyepesi kwamba kushuka kwake hakuwapunguzii bei, bali kunawapa mapato yao nafasi ya kuzifikia. Mapato yasipopanda wala kuwahi, nafasi hiyo hupotea bure. Mkazi wa Gakindu akiambiwa ukweli huo, atajua la kumdai kiongozi wake: malipo yake kwa wakati, kuliko pakiti ya unga msimu wa kura.