Mimi Nauza Mihogo, Siuzi Majini

Kabla hujakimbilia ukurasa wa vitendawili, nipe dakika chache nikutolee dukuduku langu. Nataka kusema juu ya tamthilia za televisheni, zile zinazotufanya tuache kazi ya ziada mezani na kujazana sebuleni jioni. Najua wengine mtasema, "Huyu naye! Kwani TV imemkosea nini?" Haijanikosea. Naipenda, na ndiyo maana nasema.

Jumapili moja nilikwenda Mama Ngina na binamu zangu kupunga upepo. Pale kila mtu wa Mombasa apajua: mibuyu, meli zinazoingia Kilindini karibu kiasi cha kumpungia baharia mkono, na kina mama wenye makarai ya mihogo na viazi. Tangu pafanyiwe ukarabati na kufunguliwa upya Oktoba 2019, siku za mapumziko watu hujaa hata pa kukanyaga hapana. Siku hiyo tulikuta watu wenye kamera wakipiga mchezo chini ya mbuyu. Na sisi tukasimama, ati labda tutaonekana.

Kijana mmoja wao akamwendea mama muuza mihogo, mtu mzima, kajitanda leso yake vizuri. Akamwambia kwa adabu, "Mama, tuna nafasi ndogo ya kuigiza. Utakaa hapa chini ya mbuyu, utafukiza ubani, halafu utamtolea macho msichana atakayepita. Maneno huna."

"Na mimi nitakuwa nani?" mama akauliza.

"Mganga wa majini."

Yule mama akageuza mihogo kwenye karai, akamkamulia ndimu mteja aliyekuwa mbele, akapokea pesa zake, ndipo akajibu: "Mwanangu, mimi nauza mihogo, siuzi majini. Ukimtaka mama muuza mihogo, n'ite, nitakuja."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akaenda zake kutafuta mwingine. Lakini lile jibu halijanitoka kichwani hadi leo.

Nakubali kwamba kila aina ya mchezo ina kanuni zake. Sisi wa Chama cha Kiswahili twajua kuwa shairi la arudhi lina vina na mizani, na malenga hodari hajioni kafungwa. Hujiona kapewa uwanja wa kuchezea. Tamthilia nazo ni vivyo hivyo. Lazima awepo msichana fukara mwenye moyo safi. Lazima awepo mama mkwe mwenye ulimi wa pilipili. Siri lazima isikiwe na mtu aliyejibanza nyuma ya mlango, na mlango wenyewe haufungwi hata siku moja! Na kipindi lazima kikatike palepale mtu anapofungua mdomo kutaja baba mzazi ni nani. Twajua yatakayokuja, na bado hatubanduki.

Hilo si kosa. Mwaka 1979 huko Meksiko ilitoka tamthilia iitwayo Los ricos también lloran, ya binti fukara, Mariana, anayechukuliwa kuishi katika nyumba ya tajiri na kupendwa na mwana wa nyumba hiyo. Ikazunguka dunia. Miaka 40 baadaye, 2019, Citizen ikatuletea Maria, binti wa mtaa wa mabanda anayeingia nyumba ya matajiri, na sisi tukalishika jina lake kama la ndugu yetu. Wapo wanaonung'unika kuwa tumewaiga wageni. Mimi nasema la! Zisome ngano za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870, ukione kisa cha Sultani Darai: maskini apekuaye jaa akitafuta punje za mtama, hata paa mmoja akamfikisha kwenye ndoa na binti wa sultani. Maskini kuingia jumba la tajiri ni hadithi yetu tangu kabla ya umeme kufika.

Na Vioja Mahakamani je? Kila kipindi ni kizimba kilekile: mshtakiwa akane, shahidi avuruge mambo, hakimu atoe hukumu. Nani aliwahi kulalamika?

Basi dukuduku langu liko wapi? Liko hapa: kanuni ya hadithi ni kitu kimoja, na hukumu juu ya watu ni kitu kingine. "Siri itafichuka" ni kanuni ya hadithi. "Mpwani ni mchawi" ni hukumu. Ile ya kwanza hutuambia kutatokea nini. Hii ya pili hutuambia fulani ni nani kabla hajafungua mdomo. Tazama michezo mingi mwanamke wa buibui anapoingia na lafudhi ya pwani: muziki wabadilika, na mtazamaji ajua, ushaingia uchawi. Akiwa ni mwanamume, basi kalala kitandani akingoja kupikiwa.

Utaniambia ni mchezo tu. Sikiliza. Binamu yangu alikwenda kusoma shule moja ya bweni huko bara. Usiku mmoja umeme ulikatika, wenzake wakapiga mayowe na kumkimbia, wakisema kaleta majini yake. Utani, bila shaka. Lakini aliporudi likizo nilimsikia asema "wewe unaenda" pale ambapo sisi husema "wewe wenda". Nilipomuuliza, akanijibu, "Nikisema kama nyumbani, wanacheka." Kiswahili hikihiki tunachokisifu katika jarida letu kila mwaka, yeye alikuwa akikificha kama mtu afichaye donda.

Rafiki yangu mmoja wa kidato cha tatu alinibishia: "Lakini ninyi wenyewe mna hadithi za majini. Nyanya yako si ndiye akukatazaye kukaa chini ya mbuyu magharibi?" Kweli, sikatai. Ila katika hadithi za Nyanya, jini hutokea katikati ya watu. Mna mvuvi, mna fundi cherehani, mna mwalimu wa chuo, mna mke mwenye wivu. Mpwani ndiye atishwaye na jini, na mpwani ndiye alishindaye. Kwenye televisheni wengine wote wana kazi zao, na mpwani huitwa alete jini tu.

Akanibishia tena kuwa vichekesho vya Kenya vyote vimesimama juu ya lafudhi. Ni kweli pia. Mzee Ojwang wa Vitimbi, marehemu Benson Wanjau aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza kwa lafudhi ya Kijaluo, na watu walivunjika mbavu. Lakini Ojwang alikuwa mume anayebishana na Mama Kayai, na mjanja anayenaswa na ujanja wake mwenyewe. Lafudhi ilikuwa kanzu. Ndani ya kanzu mlikuwa na mtu.

Na dalili njema zipo. Sultana, iliyoanza Citizen mwaka 2022 chini ya Jiffy Pictures ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan, ilimweka msichana kipofu wa pwani katikati ya hadithi. Lafudhi yetu ikawa mdomoni mwa wema na waovu sawasawa. Kanuni zote za tamthilia zilikuwemo, na hazikumzuia mtu kuwa mtu.

Sasa niungame. Mwaka jana, katika mchezo wa chama chetu, aliyemwandika yule mganga wa kilemba na chetezo ni mimi. Mlinipigia makofi, nami nikafurahi. Leo naona haya. Kwa hiyo nawaomba nyote mnaoandika kwa ajili ya tamasha la drama: kabla hujamtia mpwani mchezoni, jiulize ana kazi gani, ana deni la nani, anampenda nani. Ukishajua hayo, mletee jini ukitaka, tutatetemeka pamoja.

Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Yule mama wa Mama Ngina alikuwa na nyota yake, na alikuwa tayari kuigiza. Aliulizwa tu nafasi isiyokuwa yake.