Motokaa Iliyoharibiwa kwa Kusudi

Mwenye motokaa wa Msambweni aamkaye alfajiri akakuta mipira yote minne imechomwa kisu na kioo cha mbele kimevunjwa kwa jiwe, jambo la kwanza limjialo moyoni si sheria, bali ni jina la mtu. Mara nyingi jina hilo ni la jirani. Pengine waligombania mpaka wa shamba la minazi, pengine ni deni la zamani. Na ikiwa motokaa hiyo ndiyo imletayo riziki, kwa kuchukua watu na mizigo mpaka Ukunda na Likoni, hasira yake yaeleweka. Lakini akishika panga akaenda kwa jirani, jioni mshtakiwa atakuwa yeye, na mipira ingali imetoboka.

Wengi hudhani kwamba bima italipa. Bima ilazimishwayo na sheria ya Kenya, yaani ile ya Sura ya 405, ni kwa ajili ya watu waliouawa au kuumizwa na motokaa barabarani. Haimpi mwenyewe hata senti moja ya kioo chake. Aliyekata bima kubwa ndiye awezaye kudai kwa kampuni, naye kwa kawaida hubeba sehemu ya kwanza ya gharama. Hasara ya fujo za siasa huwa haimo mpaka ilipiwe mbali.

Basi asiye na bima hiyo hubaki na mharibifu mwenyewe. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu chasema kuwa aharibuye mali ya mtu kwa kusudi na bila haki aweza kufungwa hadi miaka 5. Kwamba motokaa iliegeshwa chini ya mwembe wake si udhuru. Lakini kifungo hakinunui mipira, na hapa ndipo watu wanapopotewa: hakimu akisha kumtia mtu hatiani aweza pia, kwa kifungu cha 175 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kuamuru amlipe fidia aliyepata hasara. Yafaa mwenye mali amwambie mwendesha mashtaka mapema, na ampe hati za gharama. Asiposema, kesi yaweza kwisha bila fidia kutajwa.

Hati hizo ndizo kiini cha shauri lote. Kabla fundi hajagusa kitu, motokaa na ipigwe picha mahali ilipo, na habari iandikwe katika kitabu cha matukio kituoni, mwenyewe akichukua namba yake. Kisha fundi aandike bei ya kila kitu, na risiti zitunzwe. Mchukuzi wa abiria adaiye mapato ya siku alizokaa bure lazima ayathibitishe kwa daftari lake. Mahakama za Kenya hazilipi hasara ya namna hiyo kwa kukisia. Wala asiiache motokaa juu ya mawe miezi mitatu, akidhani kila siku itahesabiwa. Tena shahidi aliyeona kwa macho ni bora kuliko kumi waliosikia ugomvi wa juzi.

Kesi ya jinai ikishindwa kwa kukosa ushahidi usio na shaka, mlango wa madai haujafungwa, kwa kuwa huko yatosha kuonyesha kwamba yaelekea zaidi kuwa ni yeye. Muda ni miaka 3 tangu siku ya uharibifu. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 huruhusu madai ya mali iliyoharibiwa yasiyozidi shilingi 1,000,000, bila lazima ya wakili, na yataka hukumu itoke katika siku 60. Karani wa mahakama ya Kwale ndiye wa kuulizwa dai lipelekwe wapi.

Hata hivyo hukumu si fedha mkononi. Mharibifu asiye na kitu ila mikorosho miwili hulipa polepole au halipi kamwe, na ndiyo sababu wazee hupenda sulhu. Sheria haiikatazi, katika makosa madogo ya watu na watu hakimu mwenyewe aweza kuihimiza. Ila mapatano ya maneno matupu barazani kwa chifu yamewaponza wengi. Yaandikwe: kiasi chote, tarehe ya kila fungu, sahihi za wawili na mashahidi, na kila mmoja achukue nakala yake siku iyo hiyo.