Mali Bila Daftari

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, alipita Masasi na Newala akiwa na vyombo viwili vilivyokuwa vigeni katika nchi ile: fonografu ya kunasa sauti katika silinda za nta, na kamera ya sinema. Alizinasa nyimbo na ngoma za wenyeji, kisha akaondoka nazo. Anayetaka leo kuisikia sauti ya babu wa zama hizo hana budi kuanza msako wake Ujerumani. Jambo hilo hulaumiwa sana katika makongamano ya utamaduni, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini yafaa kuulizwa: mjukuu wa mwaka 2060, akitaka kuisikia sauti ya bibi yake wa leo, atabisha hodi wapi?

Siku hizi Mjerumani hahitajiki. Korosho zikishauzwa na fedha zikaingia mikononi, harusi hunaswa, vijana wanaotoka jandoni hunaswa, na wazee wakisimulia nasaba nao hunaswa. Hazina imejaa, kilichokosekana ni ghala. Kila chombo kipya kimekizika kilichotangulia. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kujulikana kwa kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Basi kanda iliyomo sandukuni Masasi ni barua ambayo wa kuisoma wanapungua kila mwaka. Diski zilizochomwa dukani hutegemea rangi inayofifia kwa joto na mwanga. Kadi ya simu nayo hushika kumbukumbu kwa chaji ya umeme. Ikilazwa kabatini miaka mingi, huweza kusahau yote iliyokabidhiwa.

Wapo wasemao, “Zimo simuni, yatosha.” Simu huibwa, huanguka majini, huuzwa. Wengine husema wamekwisha kuwatumia ndugu kwa WhatsApp. Video itumwayo kwa njia hiyo kwa kawaida hukamuliwa ili iwe nyepesi, na wanachobaki nacho ndugu ni kivuli cha ile ya asili. Wengine tena hushauri kila kitu kipandishwe mtandaoni. Hao husahau gharama ya bando, na husahau kwamba mwenye nywila akifa nayo, mlango umefungwa. Zaidi ya hayo, mambo ya unyago hayakufundishwa ili yatazamwe na kila mpita njia. Kuyahifadhi ni wajibu. Kuyaanika ni uhaini.

Dawa yenyewe si elimu ya kigeni. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ya kuchota yako mbali mabondeni, hakuna mama atakayeweka maji ya nyumba nzima katika mtungi mmoja wenye ufa. Kanuni ya wahifadhi wa kisasa ni hiyo hiyo: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Moja ibaki katika kompyuta, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu kwa ndugu aaminiwaye, Mtwara au Dar es Salaam, ili moto au mwizi asizikute zote pamoja. Diski ya GB 1000, hata kama saa moja ya video itakula GB 8, hubeba saa 125: harusi nyingi, na maneno mengi ya wazee. Kila mwaka nakala zifunguliwe na kutazamwa, na baada ya miaka michache zihamishiwe chombo kipya.

Na liwepo daftari. Tangu mwaka 2007 mkulima wa korosho amezoea mfumo wa stakabadhi ghalani: mali haiingii ghalani bila karatasi ionyeshayo ni ya nani na ni kiasi gani. Iweje gunia la korosho liwe na cheti, na sauti ya marehemu iitwe kwa tarakimu zilizobuniwa na simu? Yaandikwe majina, mahali, mwaka, lugha, na nani ana ruhusa ya kutazama. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kumlaumu Weule ni rahisi, kwa kuwa amekufa. Lakini yeye alichukua na akaweka. Anayenasa bila kuweka hana hata hoja hiyo ya kujitetea, na mjukuu wake hatakuwa na Ujerumani ya kwenda kudai.