Tuhesabu ili wote watendewe haki

Kambi ya Kakuma imepokea wakimbizi tangu 1992: watu wa Sudan Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengine. Kwenye foleni ya zahanati mara nyingi husikika: "Wale ndio wanaohudumiwa kwanza." Je, ni kweli? Manung'uniko hayawezi kutujibu. Tuhesabu.

Chukua mfano. Watoto 90 kati ya 100 wakimaliza chanjo, tunafurahi. Lakini kama wale 10 waliobaki wote ni wa lugha moja, kuna kitu kinachowazuia. Jumla peke yake huficha jambo hilo.

Kwa maoni yangu, daftari la zahanati lioneshe lugha ya mgonjwa, muda aliosubiri, na kama alielezwa dawa akaelewa. Daftari hilo libaki siri. Pengo likionekana, tusilaumiane. Tudai mkalimani aliyefunzwa, si mtoto wa mgonjwa.

Nawe, ukiulizwa lugha yako, itaje. Usipoelewa maelezo ya dawa, sema kabla ya kuondoka dirishani. Asiyehesabiwa ni rahisi kusahauliwa.