Unajitolea Kwenye Siasa au Unatumika? Wana Nyasura Tuongee

Wadau, leo tumpumzishe kidogo yule msanii na ndoa yake, tutarudi kwake. Nataka tuongee kuhusu kujitolea kwenye siasa za mtaani, maana naona vijana wengi tunadhani ni kuvaa tisheti na kofia halafu kukimbia nyuma ya gari la matangazo.

Mnakumbuka kampeni za serikali za mitaa, Novemba 2024? Zilikuwa siku 7 tu, tarehe 20 mpaka 26, kesho yake kura. Kuna jamaa wa bodaboda hapa Nyasura, jina kapuni, alimaliza mafuta yake kwenye misafara ya mgombea mmoja. Chama sitaji, msinisumbue. Hakuna aliyemwambia atapewa nini, na yeye hakuuliza. Mgombea kashinda, sasa hivi jamaa akipiga simu haipokelewi. Msanii mkubwa hapandi jukwaani kuimba nyimbo mbili kabla hawajaelewana hela. Yeye anaitwa msanii, wewe unaitwa "mpambanaji wetu". Haya.

Sasa kuna dada mmoja msusi, naye jina kapuni. Oktoba 2024 kujiandikisha kwenye daftari la wakazi kulikuwa siku 10 tu, tarehe 11 hadi 20. Watu kibao walikuwa na kadi ya mpiga kura wakajua wamemaliza, kumbe lile lilikuwa daftari jingine kabisa. Dada akawa anasuka huku anauliza, "Shoga, umeshajiandikisha?" Akikosa wateja anapita nyumba kwa nyumba, bibi mmoja akamshika mkono mpaka kituoni. Hakuvaa tisheti ya mtu. Leo mkutano wa mtaa ukiitishwa yeye ndiye anayesimama kuuliza mapato na matumizi, na mwenyekiti anamjibu kwa adabu zote. Mwenyekiti ni yuleyule asiyepokea simu za bodaboda! Anajua yule dada anasikilizwa na watu wangapi, basi.

Msinielewe vibaya, kumpigia debe mgombea sio dhambi. Hapahapa Bunda Mjini mwaka 2015 tulishuhudia mzee mwenye jina kubwa, wa serikalini tangu enzi za Mwalimu, akishindwa ubunge na dada aliyezaliwa mzee akiwa tayari kiongozi. Mambo kama hayo hayaji bila watu wa kukaa uwakala kituoni toka asubuhi mpaka kura zinahesabiwa. Hiyo ni kazi kweli, na mgombea mdogo hana hela ya kuwalipa wote. Ila mafuta na chakula mnaelewana mapema. Kudai nauli sio njaa.

Kuna wanaosema siasa wameachana nayo, maana 2024 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa hata kabla ya kampeni. Aisee, hapo siwezi kukubishia, mtu ambaye mgombea wake katolewa ana haki ya kununa. Lakini mkutano wa mtaa hauhitaji mgombea. Ukiwa na miaka 18 na unaishi hapo, unaingia, unauliza. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na vijana fungu letu ni 4. Wangapi kati yetu tumewahi kuuliza zimetoka ngapi na kikundi gani kimepata? Tunajua bei ya gari la msanii, hiyo hatujui.

Tangazo la mkutano ujao likibandikwa ofisi ya mtaa, ntakuwepo. Bodaboda wetu nimeshamwambia aje. Kasema anakuja, ila swali lake la kwanza kwa mheshimiwa ni kuhusu lita zake za mafuta.