Simu haichomi chanjo

Ndugu wasikilizaji, na ninyi wahami mnaosoma haya kwenye simu ya jirani, siku hizi tunaambiwa sana juu ya matibabu kwa simu. Ati mtu wa kijijini atapiga, daktari wa Goma atamjibu, na magonjwa yatazuiliwa mapema.

Tusikatae yote. Muuguzi wa Masisi akiona vipele vinavyofanana na Mpox, anaweza kutuma picha kwa daktari na kuambiwa amtenge mgonjwa leo leo. Ujumbe wa kumkumbusha mama siku ya chanjo unafaa pia.

Lakini chanjo yenyewe? Ile ya surua, mtoto anayopewa akifika miezi 9, inapaswa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 mpaka imfikie. Utapiamlo unapimwa kwa utepe unaozungushwa mkononi: chini ya sentimita 11.5, mtoto yuko hatarini. Nani atauzungusha kupitia simu? Hata picha ya vipele inaleta mashaka tu. Uhakika unatoka labo, na sampuli inasafiri kwa pikipiki, kama barabara iko wazi.

Kipindupindu ndicho kinaniudhi zaidi. Kule Bulengo na Kanyaruchinya watu hawakukosa mashauri. Nawa mikono, chemsha maji, walisikia hadi wakachoka. Walikosa maji, na makala ya kuyachemshia. Mashirika yenyewe yanasema kila mtu apate angalau litre 15 kwa siku. Waliokuwa wakipanga foleni na bidon wanajua walipata ngapi.

Kambi zilipovunjwa Februari 2025, familia nyingi zilirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Huko simu, ikiwepo, ni ya baba, na inachajiwa siku ya soko. Mama ndiye anabaki na mtoto mwenye homa.

Anayewafikia ni reko. Anatembea nyumba kwa nyumba, anajua nani amezaa na nani amekimbia tena, na mara nyingi halipwi mshahara. Sitaki mradi wa simu uwe sababu ya kumsahau.

Basi wakubwa wa afya, mkija na mradi huo, tuambieni kwanza: frigo ya jua ya chanjo iko wapi? Nani atalipa mafuta ya pikipiki ya sampuli? Na uniti mtampa nani, mgonjwa, au muuguzi na reko wanaomfuata hadi mlangoni?